Seti ya dainingi ya mninga kwenye nyumba ya kujiachia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Hivi niuze hii seti ya zamani ninunue ya kisasa, au niirekebishe?

Kama ni mbao ya kweli, yaani mninga, mvule, mkongo au mtiki, rekebisha, wala usisite. Seti nyingi za dukani siku hizi ni zile mbao za unga uliogandamizwa halafu juu wamebandika karatasi yenye picha ya mbao, maji yakipenya pembeni kidogo tu inavimba na hairudi tena, wakati meza ya mninga ya miaka ya themanini unaikuta imebebwa kwenye lori, imewekewa masufuria ya moto, imekatiwa nyama na bado ukiipiga msasa chini kuna mbao nzima kabisa. Halafu huu mninga haupatikani tena kama zamani. Mwaka 2022 kwenye mkutano wa CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, kule Panama jamii za mninga na mkongo za Afrika ziliingizwa kwenye Kiambatisho cha II, yaani orodha ya viumbe ambavyo biashara yake inadhibitiwa, kwa hiyo magogo na mbao zake zikivuka mpaka wa nchi zinahitaji kibali. Ukiiachia leo kwa bei ya kutupa kesho usitegemee kuipata kwa bei hiyo hiyo.

Na ukichunguza, watu wengi hawajaichoka mbao. Wamechoka ule mng'ao kama wa jeneza, viti vya mgongo mrefu vyenye taji la kuchonga, kitambaa cha maruni chenye maua ya dhahabu, kioo kizito juu ya meza, na nailoni ambayo haijawahi kutolewa tangu siku viti vilipotoka kwa fundi. Vyote hivyo vinatoka, mbao inabaki.

Kwani dainingi ya kujiachia ikoje?

Ni ile ambayo mtoto anafanyia homuweki bila kufokewa, mtu anachambua mchele hapo hapo huku anapiga stori, na mgeni akifika anajivutia kiti mwenyewe. Nyumba zetu nyingi meza ya chakula imegeuka sehemu ya kuweka mikoba na nguo zinazosubiri pasi, watu wanakula kwenye makochi wanaangalia tivii, na sababu kubwa ni kwamba meza yenyewe inatisha, kila mtu anaogopa kuichubua. Kwa hiyo kila kitu kinachofuata hapa chini lengo lake ni moja tu, upate meza ambayo familia haiiogopi. Ikitoka nzuri kwenye picha sawa, lakini hilo ni la ziada.

Sina hela kwa sasa, nianzie wapi?

Anza kwa kuondoa. Toa kioo cha juu, toa nailoni, toa kile kitambaa cha plastiki, toa maua ya bandia ya katikati. Viti viwili vya mikono vinavyokaa vichwani mwa meza vipeleke chumbani au kibarazani, meza ikibaki na viti vya aina moja visivyo na mikono inapumua ghafla. Isogeze karibu na dirisha. Kisha ioshe vizuri kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo sana, kitambaa kikamuliwe sawasawa, ufute na kikavu papo hapo, maana polishi ya kupuliza inayopakwa miaka na miaka inajenga tabaka la utando linaloshika vumbi na mafuta, na watu wanadhani mbao imezeeka kumbe ni uchafu. Ishi nayo hivyo kwa muda kabla hujaita fundi. Kuna watu wakifika hapa wanaona wameridhika na hela yao inabaki mfukoni.

Kioo ukikitoa usishangae kukuta madoa ya ukungu na alama za vile vipira vidogo vya pembeni, unyevu ukiingia chini ya kioo hautoki.

Nitajuaje kama ni mbao kamili au plaiwudi iliyovishwa?

Piga magoti uangalie ukingo. Mistari ya mbao ya juu ikigeuka na kuendelea kwenye ukingo kama inavyoendelea kwenye ubao wa kukatia mboga, hiyo ni kamili. Ukiona ukingo una matabaka kama karatasi, au kuna kipande chembamba kimebandikwa kuuziba, hiyo ni plaiwudi yenye ngozi ya mninga juu. Hata seti zilizotengenezwa vizuri mara nyingi meza ni mbao kamili ila migongo ya kabati na matumbo ya droo ni plaiwudi. Angalia kila sehemu kivyake. Hii ni muhimu kwa sababu ile ngozi mara nyingi haifiki hata milimita moja, fundi akiiwekea mashine ya msasa sekunde chache tu ameshatoboa na hakuna dawa. Sehemu za hivyo ni msasa laini wa mkono peke yake.

Niipake rangi nyeupe kama zile za mtandaoni?

Juu ya meza, hapana. Najua inapendeza kwenye picha, lakini rangi juu ya meza inayoliwa kila siku inachubuka pembeni na kwenye sehemu za sahani, na ikichubuka kwenye mninga kunatokea vidonda vya kahawia katikati ya weupe, baada ya mwaka una meza inayoonekana mbaya kuliko ulivyoanza. Na rangi ikishaingia kwenye vitundu vya mbao kuitoa ni kazi ya kulia.

Miguu ya meza na fremu za viti ni habari nyingine. Ukipaka hivyo tu, kwa rangi tulivu kama krimu ya vumbi, kijani cha majani makavu au bluu iliyopoa, halafu juu ukaacha mbao yenyewe bila kung'aa, unapata meza nyepesi machoni. Kama una viti vya msonobari au saipresi hivyo paka unavyotaka, sio mbao za kuhurumia sana. Ila mi mwenyewe mninga uliochongwa vizuri siupaki rangi hata mguu.

Nilipaka nyeupe, baada ya siku chache madoa ya njano na kahawia yakatokea. Rangi ni feki?

Yawezekana rangi haina kosa. Mninga, mkongo na mvule zina tanini (kemikali ya asili ya mti) na rangi za asili ndani yake, rangi ya maji ikipakwa juu inaziyeyusha zinapanda na kutokea kwenye weupe. Ukiongeza koti zinapanda tena, unaweza kupaka hata makoti matano. Kinachotakiwa ni praima ya kuzuia madoa, ya shelaki au ya mafuta, koti mbili, ikauke kabisa, ndipo rangi. Kabla ya praima piga msasa 180 na ufute kwa spiriti. Kwa mtiki kuna tatizo la ziada, una mafuta ya asili, kwa hiyo ufute kwa thina muda mfupi tu kabla ya kupaka, ukichelewa mafuta yanapanda tena na rangi haishiki.

Naweza kupunguza mng'ao bila kukwangua meza nzima?

Ndiyo, na hii ndiyo kazi ambayo kama mtu ana jumamosi moja tu ningemwambia afanye. Kama vanishi haijabanduka wala kupasuka, chukua msasa wa maji namba 400 au stili wulu ile laini kuliko zote, maji yenye tone la sabuni, sugua taratibu kufuata mistari ya mbao, mkono mwepesi, usizunguke. Futa, angalia kwa kuinamisha kichwa mwanga ukitokea dirishani: sehemu inayong'aa bado haijaguswa. Ukimaliza pakaa nta kidogo ya samani kwa kitambaa, subiri, sugua. Meza ile ile, rangi ile ile, ila sasa inaonekana ya mbao na sio ya plastiki, na alama za vidole hazionekani tena kila mtu akigusa.

Nataka kuirudisha mbao yenyewe kabisa. Utaratibu ukoje?

Kwanza jua ulichonacho juu. Chovya pamba kwenye spiriti, iweke sehemu iliyojificha kama chini ya ukingo, subiri dakika moja hivi halafu gusa. Ikinata ni shelaki, polishi ya mafundi wa zamani, inatoka kirahisi sana. Spiriti isipofanya kitu jaribu thina, ikilainika ni laka ya kupuliza. Vyote viwili vikigoma hiyo ni vanishi ngumu ya poliyurethani, jiandae kwa dawa ya kubandua au msasa na subira.

Msasa anza na namba 80 kama kuna makoti mengi au mikwaruzo ya kina, vinginevyo anza 120, halafu 180, malizia 220 au 240, usiruke namba kwa sababu mikwaruzo ya msasa mkali haionekani ikiwa kavu, inajitokeza ukishapaka vanishi na hapo umeshachelewa. Siku zote fuata mistari ya mbao. Ukifika mwisho futa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, vinyweleo vya mbao vitasimama, acha ikauke kisha pitisha tena 240 kwa mkono. Na ule ukingo mkali wa meza uvunje kidogo kwa msasa uwe mviringo kiasi cha kupapasa, ni kitu kidogo lakini kinabadilisha jinsi mkono unavyotua mezani, na mtoto akijigonga hachaniki.

Seti nyingi za zamani zilitiwa steni nyeusi au nyekundu ionekane kama mahogani. Ukishaiondoa unakuta mninga wa rangi ya asali wenye mistari myekundu kahawia, watu wanashangaa kuwa ni meza ile ile waliyokua nayo. Usitie steni tena, tafadhali.

Vaa barakoa. Vumbi la mvule linajulikana kwa kuwasha ngozi na kubana kifua, la mninga nalo linasumbua pua na koo. Fanya nje, watoto wakae mbali, mwenye pumu asiguse hii kazi.

Nimalizie na nini, vanishi au mafuta?

Inategemea mnachokula. Sitanii, manjano ni adui mkubwa wa mbao isiyofungwa, tone la mchuzi wa manjano au mafuta ya biriani likilala usiku kucha kwenye meza ya mafuta linaacha doa, ingawa la manjano hufifia ukiliweka juani. Kwa hiyo kwa nyumba ya watoto na mchuzi, juu ya meza weka vanishi ya poliyurethani isiyong'aa, koti tatu nyembamba, kati ya koti na koti pitisha msasa 320 kidogo. Za maji hazinuki sana na hazigeuki njano, za mafuta zinaongeza joto la rangi na mninga unazipenda. Miguu na fremu za viti unaweza kuweka mafuta ya kitani au mafuta yenye nta, ukichubua sehemu unapaka hapo hapo tu bila kurudia kote, kwa vanishi huwezi.

Hapa kuna la hatari nalisisitiza: vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani usivikunje ukavitupa kwenye ndoo au kona ya stoo. Mafuta hayo yakikauka yanatoa joto, kitambaa kilichokunjwa kinalizuia lisitoke, na kinaweza kuwaka chenyewe bila kiberiti. Vitandaze nje kimoja kimoja vikauke au viloweke kwenye maji. Mwambie na fundi.

Oili chafu ya gari, ambayo watu wanapaka kwenye nguzo za uzio kuzuia mchwa, isisogee kabisa kwenye meza ya chakula. Ni sumu na harufu haiishi.

Hotpoti imeacha duara jeupe. Na kuna doa jeusi pia.

Ni vitu viwili tofauti. Duara jeupe ni unyevu ulionaswa ndani ya vanishi, mbao haijaguswa. Weka kitambaa kikavu cha pamba juu yake, pitisha pasi ya uvuguvugu isiyo na mvuke kwa sekunde chache, inua, angalia, rudia, usikazane pasi ikalala hapo. Doa jeusi limeshaingia kwenye mbao, ni maji yamekutana na chuma na ile tanini, mfano kopo au sufuria iliyoachwa imelowa. Hilo halitoki kwa pasi, linahitaji kukwangua na kupaka asidi oksaliki, ambayo ni sumu, glavu na miwani lazima, na usuuze vizuri.

Viti vinacheza, fundi anataka kupiga misumari.

Mkatalie kwa heshima. Kiti kinacheza kwa sababu gundi imekufa ndani ya kiungo, msumari unashika muda mfupi halafu unapasua ulimi wa mbao na hapo kiti ndio kimekwisha. Kazi sahihi ni kukifungua kwa nyundo ya mpira, kukwangua gundi yote ya zamani hadi mbao ionekane, kutia gundi mpya ya mbao, na kukibana. Kama hana klampu za kutosha kamba inatosha: izungushe miguuni mara mbili, pitisha kijiti katikati na ukinyonge kama unakamua nguo mpaka viungo vijifunge na gundi ichomoze, kisha funga kijiti kisirudi, futa gundi iliyotoka kabla haijakauka, kiti kikae sakafu iliyonyooka hadi kesho yake. Kiti kilichofanywa hivi kinadumu miaka.

Lazima viti vyote vifanane?

Hapana, na kuvunja ule ufanano ndiyo njia ya haraka ya kuondoa urasmi. Bakiza viti vinne, upande wa ukutani weka benchi refu. Watoto wanne wanakaa pale wanapokaa watu wazima watatu, na wakati hakuna mtu linasukumwa chini ya meza. Benchi fanya la mbao inayoendana kwa rangi hata kama sio mninga. Sentimita 45 kutoka sakafuni kama viti, meza kwa kawaida ni 75, ukiharibu hiyo tofauti ya sentimita 30 mtu anakula kidevu kikiwa kwenye sahani.

Naweza kuvika viti kitenge?

Unaweza, ila chenyewe peke yake kitachakaa haraka na msuguano. Tandika kwanza kitambaa cha marekani kwenye sponji, kivutwe vizuri, halafu kitenge juu. Ukitaka kudumu zaidi tumia jinsi au kadeti, kitenge ukibakize kwa mito na vitambaa vya mezani. Viti vingi vya zamani kikalio kinatoka kwa kufungua skrubu nne chini, hauhitaji fundi, unahitaji bisibisi, stepla ya kugongea na mtu wa kukushikia. Sponji iliyolala toa, weka ngumu ya sentimita 5, laini zile unakaa baada ya miezi unafika kwenye ubao.

Na usiisahau henzerani, zile fito nyembamba za kusukia viti. Kikalio au mgongo uliosukwa unaonyesha mwanga, kiti kizito kinakuwa chepesi machoni, na kwa joto la Pwani mgongo haulowi jasho. Wasukaji bado wapo Unguja, Mombasa na Lamu.

Nikate lile taji la juu ya kiti? Na miguu ya meza niifupishe?

Taji kama limegongwa au kuchomekwa tu kwa juu linaweza kutolewa bila kukata, mwambie fundi achunguze, na uliweke stoo. Kama limechongwa kwenye ubao ule ule wa mgongo liache, jaribu kwanza kubadili kitambaa na kuua mng'ao. Miguu ya meza usikate. Mkitaka kula chini, mkeka wa ukindu na sinia vinatosha, hiyo tayari ni dainingi ya kujiachia kuliko zote.

Kabati la vyombo nalifanyaje? Linajaza ukuta mzima.

Mara nyingi hili huwa vipande viwili vilivyopachikwa, juu vioo, chini milango. Vitenganishe. Cha chini kinabaki hapo kama meza ya kuwekea jagi, hotpoti na bakuli la matunda, cha juu kinaenda korido au chumba cha watoto kuwa kabati la vitabu. Kama hakitengani ng'oa milango ya vioo, paka ndani rangi nyepesi, na vyombo vya wageni vivuliwe vumbi vitumike. Hili nalisema kwa moyo wote: sahani nzuri ambazo mama alizinunua kwa kujibana zinastahili kuliwa wali wa jumatano.

Meza ya watu wanane, chumba kidogo.

Pima kabla ya kulalamika. Kila mlaji anahitaji upana wa kama sentimita 60, na nyuma ya kiti unataka kama 90 mtu apite. Kama haitoshi, isukume upande mmoja ukutani na benchi, siku ya wageni unaivuta.

Kuna vitundu vidogo na unga unamwagika chini.

Hao ni wadudu wa mbao. Mara nyingi wanakula ile mbao nyeupe ya pembeni mwa mti, kiini cha mninga hawakipendi. Tumia dawa ya wadudu wa mbao, ipigwe kwa bomba la sindano tundu kwa tundu, ziba kwa nta, na kiti hicho kitenge na vingine. Unga mpya ukitokea rudia.

Nina kiti cha enzi cha babu kutoka Lamu, nacho nikikwangue?

Hapana kabisa. Vile viti vya mpingo vyenye mapambo ya pembe ya ndovu na usukaji wa kamba ni urithi, futa vumbi kwa brashi laini, basi. Kiweke pembeni mwa dainingi kama kilivyo na kingine chochote kitaonekana kimetulia kwa sababu yake.

Seti tulipewa na mama mkwe, naogopa ataona nimemdharau.

Mshirikishe mapema, muulize ilinunuliwa wapi, nani alitengeneza, mara nyingi kuna hadithi hapo. Anza na mabadiliko yanayorudishika, vitambaa na benchi, na vikalio vya zamani vitunze. Akija akakuta wajukuu wamejazana mezani anakula nao, maneno yanapungua yenyewe.

Fundi nimwambieje?

Uwe Keko Dar au Gikomba Nairobi, fundi amezoea kwamba mteja mzuri ni anayetaka mng'ao. Usimwambie tu "nataka iwe nzuri". Mwambie hakuna steni, hakuna kung'aa, na akuonyeshe kwanza kwenye kipande cha chini ya meza kabla hajagusa juu. Vifaa nunueni pamoja. Andikianeni bei na siku. Laka ya kupuliza isifanyike wakati wa masika, unyevu ukiwa mwingi inageuka ukungu mweupe hapo hapo, Dar subiri Juni au Julai hewa ikikauka.

Ikishapakwa, lini tuanze kuitumia?

Kavu ya kugusa sio kavu ya kutumia. Vanishi ya poliyurethani ipe siku mbili tatu kabla ya sahani, na wiki tatu hadi nne kabla ya kitu cha moto, maji yaliyotuama au kitambaa cha kufunika. Mafuta ya kitani yanachelewa zaidi, pitisha kiganja, ukisikia kunata bado. Na hata baada ya hapo, chini ya hotpoti weka kikeka cha ukili.